Kuondoa amonia kwenye mkojo wa ng'ombe na tope la biogesi bila kupoteza naitrojeni: mwongozo kamili

Ukifungua pipa la mkojo wa ng'ombe lililokaa juani wiki mbili, macho yanawasha na pua inachoma. Hiyo ni amonia. Ukimwagia mchicha maji hayo yalivyo, kesho yake kingo za majani zimekauka kama zimepitiwa na moto, na miche iliyochomoza juzi imelala. Tope la biogesi na maji ya samadi ya kuku hufanya vivyo hivyo, hasa ya kuku.

Wengi wanaouliza namna ya kuondoa amonia wanataka tu mmea usiungue. Lakini amonia hiyo ndiyo naitrojeni yenyewe, ile ile unayoinunua dukani kwenye mfuko wa urea, kilo 23 katika kila mfuko wa kilo 50. Ukiiacha ipeperuke, umetupa mbolea pamoja na sumu yake. Kwa hiyo msimamo wa mwongozo huu ni kwamba amonia itolewe kwenye hali ya gesi na ifungwe iwe chumvi ndani ya maji. Kuipeperusha ni njia ya mwisho, na hata hapo inaswe kabla haijafika hewani.

Kinachotokea ndani ya pipa

Mkojo unapotoka kwa ng'ombe haunuki amonia. Naitrojeni yake nyingi iko katika umbo la urea, ambayo haichomi na haipeperuki. Kinyesi nacho kina bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho yurease. Mkojo ukikutana na kinyesi sakafuni, yurease huanza kuvunja urea kuwa amonia na kaboni dioksaidi, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache. Kwa kuku naitrojeni hutoka kama asidi ya uriki, ambayo nayo huishia kuwa amonia ikilowa. Ndani ya mtambo wa biogesi safari hiyo imeshamalizika, kwa hiyo tope linalotoka huwa tayari limejaa amonia.

Ndani ya maji amonia ina sura mbili. Ya kwanza ni amoniamu, ambayo imeshikwa na maji, haina harufu, haipeperuki, na mizizi inaipenda. Ya pili ni amonia huru, gesi inayonuka na kuunguza. Kinachoamua ni kiasi gani kiwe sura ipi ni pH, yaani uchachu au ukali wa maji, kisha joto. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, amonia huru haifiki hata asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 imefika kama asilimia 36, kwenye 10 ni asilimia 85, na kwenye 11 karibu yote ni gesi. Joto likipanda, gesi inaongezeka.

Hesabu hiyo inaeleza karibu kila kitu kitakachofuata. Ukitaka amonia ikae, shusha pH. Ukitaka itoke, ipandishe. Na inaeleza kwa nini desturi ya kumwaga majivu kwenye shimo la samadi ili kuua harufu ina hasara kubwa. Majivu ni makali, yanapandisha pH, na amonia inatoka kwa kasi. Harufu inapungua baada ya siku chache kwa sababu naitrojeni imeshaondoka. Majivu yana potasiamu nzuri, ila yapeleke shambani peke yake, siku nyingine.

Tope la biogesi lina jambo lake. Likitoka mtamboni pH yake huwa kati ya 7.5 na 8. Ukiliacha kwenye shimo wazi, kaboni dioksaidi iliyoyeyuka ndani yake inatoka kwanza, pH inapanda yenyewe, kisha amonia inafuata. Shimo wazi chini ya jua linapeperusha mbolea yako mchana kutwa bila wewe kugusa kitu.

Anza bandani

Amonia isiyozaliwa haihitaji kuondolewa. Sakafu ya banda la kufungia iwe na mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, kuelekea mfereji ulio nyuma ya ng'ombe. Mkojo utiririke mara moja, kinyesi kibaki juu kikwanguliwe asubuhi na jioni. Mdomo wa mfereji uweke wavu wa kuzuia majani na mavi. Bomba linaloingia kwenye pipa lishuke hadi karibu na kitako chake, ili mkojo mpya uingie chini kwa chini bila kuchuruzika kutoka juu na kutimua gesi. Pipa liwe kivulini na lina mfuniko. Kama unahifadhi tope la biogesi, usilizibe kabisa, maana bado linatoa methani. Acha tundu dogo, na moto wa aina yoyote ukae mbali.

Angalia pia malisho. Ng'ombe anayepewa mashudu kupita mahitaji yake hutoa protini ya ziada kwenye mkojo kama urea. Harufu kali ya banda mara nyingine inakwambia kwamba fedha ya mashudu inapita sakafuni.

Pima kabla ya kugusa

Vitabu vya karatasi za kupimia pH vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Ukikosa, chemsha maua makavu ya rozela (wengine huiita choya), chuja, uache maji yake yapoe. Matone machache ya maji hayo kwenye kijiko cha mkojo yakibaki mekundu, kuna uchachu. Yakigeuka zambarau au ya bluu, uko katikati. Yakigeuka kijani, pH iko juu na amonia inatoka. Kipimo hiki hakikupi namba, lakini kinatosha kukuonyesha unakoelekea. Tope la biogesi lichuje kwanza, maana rangi yake nyeusi inaficha yote.

Kipimo cha pili ni mbegu, na ndicho ninachokiamini zaidi kwa sababu kinauliza mmea wenyewe. Chukua vikombe vinne vyenye udongo wa kitaluni. Cha kwanza mwagia maji matupu. Vingine mwagia mkojo au tope lililochanganywa na maji kwa sehemu 1 kwa 3, 1 kwa 5 na 1 kwa 10. Panda mbegu 20 za mchicha katika kila kikombe na usubiri wiki moja. Mchanganyiko wowote ambao mbegu zake zimeota pungufu sana ya zile za maji matupu bado unachoma. Mchicha una mbegu ndogo zisizovumilia, kwa hiyo kinachoupita mchicha hakitaudhuru mhindi.

Njia ya kwanza: kuifunga kwa asidi

Hii ndiyo ninayoshauri kwa mkojo mbichi uliotenganishwa na kinyesi. Ukishusha pH hadi karibu 5 mkojo ukiwa bado mbichi, yurease inazimika, urea inabaki urea, na kilichokwisha kuwa amonia kinageuka amoniamu. Denmark wakulima wamekuwa wakitia asidi ya salfa kwenye samadi ya maji kwa mitambo maalumu kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo, wakiishusha pH yake hadi karibu 6 au chini kidogo.

Asidi inayopatikana kirahisi ni ya betri. Nunua mpya, iliyofungwa. Usitumie kamwe asidi iliyomwagwa kutoka betri kuukuu, maana ina risasi, na risasi ikiingia kwenye udongo wa mboga haitoki. Vaa glavu za mpira, miwani ya kuziba macho na nguo ya mikono mirefu. Weka ndoo ya maji safi karibu. Asidi ikirukia ngozi au jicho, suuza kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali kama ni jicho.

Fanya hivi, nje, upande upepo unakotoka:

1. Weka maji lita 4 kwenye ndoo ya plastiki, kisha mimina asidi ya betri lita 1 polepole juu ya maji. Daima asidi iingie kwenye maji. Ukimimina maji juu ya asidi, yanachemka ghafla na kukurukia.

2. Chukua lita 1 ya mkojo kwenye chombo cha lita 3. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ongeza mililita 5 za asidi uliyoipunguza, koroga, na subiri povu litulie. Povu hilo ni kaboni dioksaidi. Mkojo wa ng'ombe una bikaboneti nyingi, kwa hiyo mara za mwanzo pH haitasogea sana. Usikate tamaa wala usizidishe kwa haraka.

3. Endelea kwa mililita 5 hadi ufike pH 5, ukiandika jumla. Jumla hiyo ndiyo kipimo chako kwa kila lita. Mkojo wa jirani yako unaweza kudai mara mbili yake, kwa hiyo usiazime namba ya mtu.

4. Jaza pipa hadi nusu tu, kwa sababu ya povu. Ongeza asidi kwa awamu tatu au nne, ukikoroga kwa mti mrefu. Pima tena kesho yake. Ikipanda kupita 6, ongeza kidogo.

Sasa onyo ambalo halina mzaha. Usitie asidi kwenye tope la biogesi au samadi iliyokaa shimoni. Ndani yake kuna salfa iliyogeuka salfaidi, na asidi inaiachia kama gesi ya salfaidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai bovu. Ikizidi, gesi hiyo inaua uwezo wa pua kuinusa, na mtu anaanguka akidhani imekwisha. Kwa sababu hiyo hiyo usisogelee shimo lililofungwa linapokorogwa, na usishuke kumwokoa aliyeanguka bila vifaa vya kupumulia. Usichanganye kabisa mkojo au tope na dawa ya klorini ya kufulia au kusafishia, maana hutoa gesi nyingine ya sumu.

Njia ya pili: jasi

Usipotaka kushika asidi, kuna jasi, ambayo inachimbwa Makanya wilayani Same na Itigi mkoani Singida. Wafugaji wa Ulaya walikuwa wakiinyunyiza kwenye mazizi ya farasi tangu zamani. Jasi ni kalsiamu salfeti. Ikikutana na amonia kaboneti ya kwenye mkojo uliokwisha kukaa na kunuka, vinabadilishana. Amonia inachukua salfeti na kuwa amoniamu salfeti, ambayo ndiyo mbolea ya SA ya dukani, na kalsiamu inashuka chini kama unga mweupe wa chokaa.

Kwa hesabu ya kemia, kila kilo 1 ya naitrojeni inadai kama kilo 6 za jasi. Mkojo wa ng'ombe anayelishwa vizuri mara nyingi una gramu 5 hadi 10 za naitrojeni kwa lita, kwa hiyo pipa lenye lita 100 anza na kilo 3 za jasi iliyosagwa laini. Jasi huyeyuka kwa shida, hivyo koroga kila siku kwa siku tano au zaidi. Harufu itapungua polepole na pH itashuka kuelekea 8. Haitafika kwenye uchachu, kwa hiyo bado utapunguza kwa maji kabla ya kutumia. Tumia jasi ya mwamba iliyosagwa, usitumie mabaki ya bodi za dari yenye karatasi na viungo vingine.

Fanya hivyo kwenye pipa la mkojo lililo nje tu. Ukiitupa jasi kwenye shimo la samadi nzito lisilo na hewa, bakteria wanageuza salfeti yake kuwa ile ile salfaidi ya hidrojeni, na watu na ng'ombe wamekufa Marekani kwenye mashimo yaliyokuwa na malalo ya jasi yakikorogwa.

Mwenye TSP, mbolea ya dukani ya fosforasi, anaweza kutumia hiyo badala ya jasi. Ina uchachu, inafunga amonia, na unapata fosforasi papo hapo. Gharama yake ni kubwa, lakini kama ulikuwa uinunue kwa ajili ya kupandia, hujapoteza kitu ukiipitisha kwenye pipa kwanza.

Njia ya tatu: chenga za mkaa na mabaki makavu

Kwa tope la biogesi, ambalo asidi na jasi havilifai, njia salama zaidi ni kulinywesha kitu kikavu. Sambaza maranda, maganda ya mpunga au mabua yaliyokatwakatwa pamoja na chenga za mkaa zilizobaki kwenye gunia. Mwagia tope hadi vitu viloe bila kuchuruzika, kisha funika kwa udongo au majani ya migomba na uache iwe mboji. Bakteria wanaokula mabua wanahitaji naitrojeni, hivyo wanachukua amoniamu na kuijenga mwilini mwao. Chenga za mkaa zinashika sehemu ya amoniamu kwenye uso wake, ila usisubiri miujiza. Mkaa peke yake hauwezi kumeza tope la mtambo mzima. Mboji ikianza kunuka amonia, mabua hayatoshi, ongeza makavu.

Njia ya nne: kuigeuza naitreti kwa hewa

Bakteria wa udongoni hugeuza amoniamu kuwa naitraiti, kisha wengine huigeuza naitreti. Naitreti haipeperuki na haiunguzi. Unachohitaji ni hewa, sehemu ya bakteria kukaa, na uvumilivu.

Jaza pipa theluthi mbili kwa vipande vya matofali ya kuchoma au kokoto za mawe ya volkano. Tia maji na tope lililochujwa vizuri, kwa uwiano wa tope 1 kwa maji 5 au zaidi, na viganja vichache vya mboji iliyoiva kama mbegu ya bakteria. Puliza hewa kutoka chini kwa pampu usiku na mchana. Wiki za kwanza hakuna kitakachoonekana, maana bakteria hawa wanazaana taratibu sana. Baadaye pH inaanza kushuka, na hiyo ndiyo dalili kuu kwamba kazi inaendelea, kwa sababu kila chembe ya amoniamu inayogeuzwa inatoa asidi. Bila kuongeza kitu, bakteria watageuza karibu nusu ya amoniamu na kusimama pale pH inaposhuka chini ya 6. Usihuzunike. Nusu iliyobaki nayo imeshafungwa na uchachu huo, hivyo unapata maji ya amoniamu naitreti yasiyonuka.

Toa robo ya maji kila mara na ujaze kipya, bila kumwaga yote. Ukiongeza tope kali kwa wingi mara moja, amonia huru itawaua bakteria walewale unaowategemea. Umeme ukikatika siku nzima, naitreti itaanza kupotea kama gesi ya naitrojeni. Vijiti vya kupimia naitraiti vinavyotumiwa na wafuga samaki vitakusaidia. Naitraiti ikionekana nyingi, usimwagie mimea bado, subiri imalizike kugeuka.

Njia ya tano: kuitoa kwa chokaa na kuinasa

Hii ndiyo njia ambayo watu wengi wanaifikiria wanaposema kuondoa amonia. Unapandisha pH hadi 11, unapuliza hewa, gesi inatoka, unaipitisha kwenye asidi. Inafanya kazi. Viwanda vya kusafisha majitaka na mashamba makubwa ya nguruwe na kuku yanaitumia. Lakini kabla hujanunua kifaa chochote, fanya nami hesabu hii.

Amonia inapenda maji kuliko karibu gesi nyingine yoyote. Hata pH ikiwa 11, kwenye nyuzi 25, ili utoe asilimia 90 unahitaji zaidi ya lita 3,000 za hewa kwa kila lita 1 ya tope, na hapo hewa iwe inatoka ikiwa imeshiba amonia. Chukua lita 120 za tope zenye gramu 2 za naitrojeni kwa lita. Hiyo ni gramu 240 za naitrojeni. Hewa inayotakiwa ni kama lita 400,000. Pampu ya lita 60 kwa dakika itafanya kazi hiyo kwa zaidi ya siku nne mfululizo. Pampu ndogo ya tangi la samaki ya lita 5 kwa dakika itachukua karibu miezi miwili. Ukipasha tope hadi nyuzi 50, hewa inayohitajika inashuka hadi kama theluthi, lakini sasa unalipia kuni au gesi. Mwishoni utapata naitrojeni inayolingana na kilo 1 hivi ya SA.

Kwa mwenye ng'ombe watatu, hiyo hailipi, na nasema hivyo bila kusita. Njia hii ni ya mwenye mtambo mkubwa wa samadi ya kuku au nguruwe, mwenye tope kuliko ardhi ya kulimwagia, anayeishi upande wa juu wa mto au kisima cha watu. Huyo anatakiwa kuiondoa amonia hata kama haimpi faida. Kwake hatua ni hizi:

1. Chuja tope kwa wavu kisha kwa kitambaa, liache litulie siku mbili, utumie maji ya juu. Vitu vigumu vinameza chokaa na kuziba mabomba.

2. Tumia chokaa iliyozimwa, ile ya kupakia kuta. Chokaa ya kilimo haitafika pH 11 hata umwage gunia. Chokaa hai inafika, lakini inachemka ikigusa maji na inaunguza, iache kwa wenye mafunzo. Fanya jaribio kwenye lita 1 kwanza, ukiongeza gramu 2 kwa gramu 2. Gramu 5 hadi 15 kwa lita ni kiasi cha kawaida kwa tope la biogesi.

3. Tia chokaa kwenye pipa, koroga, funika mara moja, maana amonia inaanza kutoka dakika hiyo hiyo. Acha masimbi meupe yashuke, hamishia maji ya juu kwenye pipa la pili lenye mfuniko usiovuja.

4. Pipa la pili lina mabomba mawili mfunikoni. Moja linashuka hadi chini na kuleta hewa kupitia mawe ya kutawanya mapovu. La pili linatoa hewa yenye amonia na kuipeleka chini ya maji ya asidi kwenye dumu la pembeni. Kutoka kwenye dumu hilo, hewa irudi kwenye pampu na kuzunguka tena. Kuzungusha hewa ile ile kuna faida mbili. Amonia iliyoponyoka haifiki kwenye pua ya mtu, na kaboni dioksaidi mpya ya hewa ya nje haiingii kushusha pH uliyoinunua kwa chokaa.

5. Kwa mfano wetu wa gramu 240, dumu la asidi litie asidi ya betri lita 2 ndani ya maji lita 8. Kila kilo ya naitrojeni inadai kilo 3.5 za asidi tupu ya salfa, na lita 1 ya asidi ya betri ina kama gramu 470. Angalia pH ya dumu kila siku. Ikikaribia 4, asidi imekwisha, badilisha kabla amonia haijapita.

6. Povu likipanda, kijiko cha mafuta ya kula kinalituliza. Vijiko vingi vitafunika uso na kuzuia gesi kutoka.

Maji yaliyobaki kwenye pipa yana pH ya 10 na kitu. Usiyapeleke shambani hivyo. Yaache wazi, yakipulizwa hewa ya nje, hadi yashuke chini ya 8.5. Fosforasi nyingi imebaki kwenye masimbi ya chokaa. Yakaushe na uyasambaze kwenye udongo wenye uchachu, wiki kadhaa kabla au baada ya mbolea ya amoniamu. Ukivichanganya siku moja, chokaa itaitoa amonia uliyohangaika kuinasa.

Shambani

Njia yoyote uliyotumia, mbolea hii iingie ardhini. Chimba kifereji cha sentimita 5 hadi 10, kiganja kimoja pembeni mwa shina, mimina, fukia papo hapo. Fanya jioni au siku ya mawingu, udongo ukiwa na unyevu. Mkojo uliofungwa kwa asidi nao ukiachwa juu ya udongo, urea yake itakutana na yurease ya udongoni na kupeperuka.

Anza kwa uwiano ambao mchicha wako wa majaribio uliukubali. Kwa mkojo ambao haujashughulikiwa, 1 kwa 5 hadi 1 kwa 10 kwa mboga. Kwa tope la biogesi, 1 kwa 1 hadi 1 kwa 3. Mkojo wenye gramu 5 za naitrojeni kwa lita, ukitaka kuipa ekari ya mahindi kilo 30, ni lita 6,000. Kwa hiyo mkojo wa ng'ombe wawili watatu upe bustani, migomba na majani ya malisho, usiutawanye kwenye ekari nzima ukashindwa kuona tofauti.

Kwenye maeneo yenye udongo uliokwisha kuchachuka, kama sehemu za Bukoba na Rungwe, asidi, SA na maji ya naitreti vyote vinaongeza uchachu. Huko pima pH ya udongo kila mwaka, na chini ya 5.5 tia chokaa ya kilimo msimu usiotia mbolea hizi. Mboga zinazoliwa mbichi usizimwagie majani, na acha mwezi mmoja kati ya kumwagia na kuvuna. Maji ya mbolea yakigusa mchicha au sukuma wiki kwa bahati mbaya, suuza majani kwa maji safi kabla jua halijapanda.